Nyuki wa Liti, sekunde za Simbu

Mashabiki wanaofurika Uwanja wa Liti mjini Singida siku za mechi hulitaja jina la mwanamke mmoja kutwa nzima, na wengi wao hawajui kama wanamtaja mtu. "Tukutane Liti." "Liti leo hapatoshi." Zamani uwanja huo ukiitwa Namfua, na mgeni anayeshuka na timu yake kutoka Dar es Salaam au Mwanza anaweza kudhani Liti ni jina la mtaa, au la kampuni iliyotoa fedha za ukarabati. Ni jina la mama wa Kinyaturu, Liti Kidanka, aliyewagomea Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Silaha yake, kwa mujibu wa simulizi za Singida, ilikuwa nyuki.

Simulizi yenyewe ina matawi mengi, kama ilivyo kawaida ya habari iliyopita midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka mia. Wapo wasemao Liti alikuwa mganga, wapo wasemao alikuwa kiongozi wa jadi, na kwa zama zile mambo hayo mawili hayakuwa mbali sana. Wengine husema aliwaamuru nyuki kwa maneno, wengine kwamba mizinga ilirushwa kwa mikono ya watu. Wote hukutana mahali pamoja: Wajerumani walikuja na bunduki, nyuki wakawashukia, wakatimua mbio. Kisha wakarudi, wakarudi tena, na mwisho wake Liti akauawa. Mwaka unaotajwa sana ni 1908.

Nilikwenda Sepuka, wilayani Ikungi, kuuliza swali linaloonekana jepesi: shujaa ni mtu gani? Sikutaka jibu la kwenye hotuba za tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Sepuka iko kwenye barabara iendayo Ndago hadi Kizaga, katika nchi ya alizeti, mtama na dengu, na ya kuku wa kienyeji wanaosafirishwa kwenye matenga juu ya mabasi hadi Dar es Salaam, wakitoa vichwa nje kama abiria waliolipa nauli. Mvua huku ni msimu mmoja tu. Ikikosea, mwaka umekosea.

Majibu hayakuchelewa. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya bodaboda zao walimtaja Simbu kabla sijamaliza swali. Mzee mmoja, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za nyumbani, alimtaja Liti. Mwingine alimtaja Tundu Lissu, akaangalia kushoto na kulia, akacheka. Mama mmoja aliyekuwa anapima dengu kwa kopo alisema shujaa ni mwanamume anayejenga choo kabla hajanunua redio. Wenzake walicheka hadi wakapoteza hesabu ya makopo.

Nimekaa na majibu hayo muda, na la Liti ndilo lililonisumbua kuliko yote. Nina ugomvi na wale nyuki. Naona kama wanamwibia mama yule ushujaa wake.

Fikiri hivi. Mtu ambaye nyuki wanamtii, ambaye akinyoosha mkono jeshi zima linakimbia, anahitaji ujasiri wa nini? Aliye hatarini hapo ni yule Mjerumani. Simulizi, kwa kumtukuza Liti, imechukua kitu kilichokuwa moyoni mwake ikakiweka kwenye mzinga. Lakini ukiwaweka nyuki pembeni kidogo, unabaki na mwanamke aliyeishi katika miaka ambayo kila mtu alijua kinachowapata wanaokataa. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilikuwa imeanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1890. Mkwawa, aliyewapinga kwa vita, alikuwa amekufa mwaka 1898. Vita ya Maji Maji, iliyoanza mwaka 1905 upande wa kusini, ilizimwa kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Habari hizo zilisafiri na wapagazi na wafanyabiashara, na nchi ya Wanyaturu haikuwa kisiwa. Liti angeweza kulipa, akakaa kimya, akafa uzeeni. Njia ya kukwepa ilikuwepo, nayo ilikuwa pana, na walioipita walikuwa wengi wala hatuna haki ya kuwasema vibaya. Yeye hakuipita.

Hapo ndipo ninapouona ushujaa: mtu ana njia ya kutokea, anaiona, kisha haitumii. Asiye na njia amebanwa tu, na aliyebanwa hupigana kama anavyopigana paka kwenye kona. Na mwenye uhakika wa kushinda anafanya kazi yake.

Wapo watakaosema naondoa nyuki kwa sababu siamini mambo ya wazee. La. Nyuki wa Singida nawaamini kabisa. Nyuki wa Afrika akikuchoma anaacha mwiba, na pamoja na mwiba anaacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, harufu inayowaambia wenzake kwamba adui yupo hapa. Wanakuja kwa mamia, na wanafuata mbali. Jeshi lililopanga mistari, lenye mizigo na wapagazi, haliwezi kuwapiga risasi. Kama mizinga michache ilipasuka mbele ya kikosi cha Wajerumani kwenye pori la Singida, basi kilichosimuliwa baadaye kinawezekana bila muujiza wowote.

Tena yapo mengine yaliyothibitishwa na pande mbili za vita. Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, kuja kuunyakua mji uliolindwa na askari kama 1,000 wa kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano ya tarehe 4, risasi zilipasua mizinga iliyokuwa mitini, na nyuki wakawavamia wapiganaji. Waingereza walishindwa vibaya wakarudi kwenye meli zao, na baadhi yao wakaamini kwamba Wajerumani walitega nyuki makusudi, kwa hila ya kivita. Ukweli ni kwamba nyuki waliwachoma Wajerumani vilevile; hawakuuliza mtu pasipoti. Lakini mtu mzima aliyevaa sare, aliyesoma shule za kijeshi Ulaya, aliposhindwa alihitaji hadithi, na hadithi ilimpa adui uwezo wa kuwaamuru wadudu. Kwa hiyo tusijione Waafrika peke yetu ndio tunaosimulia hivyo.

Hadithi hupenda kumpa shujaa kitu cha siri. Anayejua fasihi ya pwani atamkumbuka Fumo Liyongo, jitu la ushairi na upinde, ambaye utendi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 bado unasomwa vyuoni. Liyongo hakuchomeka kwa mkuki wala mshale. Kitu kimoja tu kingemuua: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Watoto wakisimuliwa habari hiyo hukumbuka sindano, na jinsi alivyotoroka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate na kuletwa na mjakazi Saada. Ni mambo ya kuvutia, sikatai. Ila mahali panaponifanya nifunge kitabu na kutazama dari ni pale mwanawe, aliyehadaiwa na mfalme wa Pate kwa ahadi ya cheo na mke, anapokuja kumwuliza baba: ni kitu gani kinachoweza kukuua? Liyongo anatambua kwamba kijana ametumwa. Anajua. Na anamwambia. Mtu asiyeingia chuma, mwenye njia zote za kutokea duniani, anampa mwanawe ufunguo wa kifo chake kwa sababu hataki kuwa baba aliyemdanganya mwanawe. Baada ya kuchomwa akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafia hapo, na mji mzima ukaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai.

Nguvu za Liyongo ni mapambo. Lile jibu alilompa mwanawe ndilo shujaa mwenyewe.

Ebrahim Hussein alilielewa jambo hili kuliko waandishi wengi. Katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alimchukua Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule wa historia aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, akamnyang'anya uhakika wake. Kinjeketile wa jukwaani anawapa watu maji ya kuwakinga na risasi, watu wanaungana kwa sababu ya maji, na baadaye yeye mwenyewe anaanza kuyatilia shaka. Watu hawamsubiri, wanaingia vitani. Mwishoni yuko kifungoni, na anayemshika anamtaka jambo dogo tu: aseme hadharani kwamba maji yalikuwa uongo. Ni njia rahisi ya kutokea, tena kwa sehemu ni kweli. Anakataa, kwa kuona kwamba akiyakana maji, kesho waliobaki watafundishwa kwamba hata walichokipigania kilikuwa uongo. Nimeiona tamthilia hiyo ikichezwa na wanafunzi waliovaa kaniki za kuazima, na kwenye onyesho hilo la mwisho hata wale waliokuwa wakicheka nyuma walitulia.

Sasa nitoke kwenye vitabu, kwa sababu vijana wa bodaboda wa Sepuka hawakumtaja Liyongo wala Kinjeketile. Walimtaja Alphonce Simbu, na kila mmoja alitaka kunionyesha kwenye simu yake zile hatua za mwisho.

Simbu, mzaliwa wa mkoa huu wa Singida na askari wa JWTZ, alishinda mbio za marathoni za Mashindano ya Dunia mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025. Tanzania haikuwahi kupata dhahabu kwenye mashindano hayo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Aliyeshika nafasi ya pili, Amanal Petros wa Ujerumani, alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ndiyo, ni muda uleule. Iliyowatenganisha ni mashine, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, yaani sekunde 0.03, baada ya kilomita 42 na mita 195. Petros alikuwa mbele wakiingia uwanjani. Katika mita za mwisho Simbu akamkaribia, akamfikia, wakatupa vifua pamoja kwenye utepe, Petros akaanguka chini. Simbu mwenyewe alisema baadaye hakujua kama ameshinda hadi alipoona jina lake juu kwenye ubao. Huku nyumbani ulikuwa bado usiku, na wengi tuliamka tukakuta nchi imeshashinda.

Kijana mmoja alinisimamishia picha hapo hapo kwenye utepe, akaisogeza kwa kidole, mbele nyuma, mbele nyuma. "Ona hapa mzee. Bado. Bado. Sasa!" Aliiangalia kwa makini ya fundi saa. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: kwamba kilichompendeza ni pale kabla ya utepe, Simbu alipokuwa wa pili na fedha iko mkononi.

Kijana yule amenisaidia kuandika makala hii. Fedha ilikuwa mkononi. Mtu aliyekimbia zaidi ya saa mbili kwenye joto la Tokyo, mwenye nafasi ya pili ya dunia iliyokwisha kuhakikika, ana ruhusa kamili ya kumaliza taratibu, akapokea medali, akapokelewa uwanja wa ndege na ngoma. Simbu tayari alikuwa na kumbukumbu za kutosha: wa tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, shaba ya dunia London mwaka 2017, wa saba Olimpiki iliyofuata, wa 17 Paris mwaka 2024 watu walipoanza kusema umri umempita, wa pili Boston Aprili 2025. Hakuna ambaye angemlaumu.

Halafu kuna jambo la Wajerumani, ambalo mzee aliyemtaja Liti alilipokea kwa furaha isiyofichika: Singida na Ujerumani tena, na safari hii hakuna aliyekufa. Nami nilicheka. Ila haki ya Petros inanidai sentensi mbili. Alizaliwa Eritrea, akalelewa Ethiopia, akafika Ujerumani akiwa kijana mkimbizi mwaka 2012, kwa hiyo yule "Mjerumani" aliyeshindwa kwa sekunde 0.03 ni mtoto wa Pembe ya Afrika aliyeanza maisha upya katika lugha asiyoijua. Ukimweka kando kwa sababu ya rangi ya fulana, umeshakosea hesabu ya mashujaa wa siku ile.

Jirani wa Singida kwa upande wa kaskazini mashariki ni Mbulu, na Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari. Yeye ni kinyume cha Simbu kwa kila kipimo cha saa. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968: aliumia vibaya goti njiani, akafungwa bendeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, watu wengi wakiwa wameshaondoka. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake maarufu lilikuwa kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Wakimbiaji wengine 18 siku hiyo waliacha njiani, na walikuwa na sababu nzuri, kwani mji ule uko juu sana na hewa yake ni nyepesi. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Mlango wake ulikuwa wazi.

Kati ya wa mwisho wa 1968 na wa kwanza wa 2025 mimi sioni tofauti kubwa ya ushujaa. Tofauti ipo kwenye medali na kwenye fedha, na sisemi fedha ni kitu kidogo.

Fedha, kwa kweli, imekuwa ikiandamana na ushujaa huku kwa muda mrefu. Wabarbaig, wafugaji wanaoishi jirani na Wanyaturu, walikuwa na desturi kwamba kijana aliyeua simba hupita boma hadi boma akishangiliwa na kuzawadiwa ng'ombe. Kazi hiyo ilikuwa na maana kwa watu ambao mali yao yote imelala zizini. Lakini zawadi ikishajulikana mapema, inazaa wawindaji wa zawadi, na simba ambaye hajagusa ndama wa mtu anauawa kwa ajili ya ng'ombe wa pongezi. Ni mtego wa zamani: jamii ikitangaza bei ya shujaa, itauziwa.

Ndiyo maana nilimwonea huruma Majaliwa Jackson. Huyu mvuvi wa Bukoba alikuwa ziwani asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja. Aliikimbilia kwa mtumbwi, akasaidia kwenye mlango kwa kasia, akajaribu kuwafikia marubani, akaumia, akazinduka hospitali. Watu 24 walitoka hai, 19 walikufa. Serikali ikampa shilingi milioni moja na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Haikuchukua muda, tukaanza kubishana mitandaoni nani hasa aliyefungua ule mlango, mvuvi au wahudumu wa ndege, kana kwamba mlango mmoja hauwezi kuwa na watu wenye moyo upande wa ndani na upande wa nje. Mvuvi mwenye mtumbwi anaweza kupiga makasia kwenda upande wowote. Asubuhi ile wavuvi waliogeuza mitumbwi kuelekea kwenye ndege inayozama hawakuwa na mkataba na mtu.

Lissu siwezi kumruka, maana Sepuka haiwezi kumruka. Ni mtu wa Ikungi, mzaliwa wa Mahambe, aliyekuwa mbunge wa Singida Mashariki. Tarehe 7 Septemba 2017 alipigwa risasi 16 nje ya makazi yake Dodoma, akatibiwa Nairobi kisha Ubelgiji. Alirudi mwaka 2020 kugombea urais, akaondoka tena kwa kuhofia usalama wake, akarudi tena Januari 2023, na Aprili 2025 alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Kuna watu Singida wanaomwita shujaa na kuna wanaoona ni mkorofi aliyejitafutia, na nimewasikia wote wakibishana kwenye benchi moja la kahawa bila kugombana, jambo ambalo Bungeni ni adimu. Sitaamua ugomvi wao wa siasa hapa. Nasema tu kwamba hata wasiompenda, wakifika kwenye ile ndege ya kumrudisha kutoka Ubelgiji, sauti zao hushuka kidogo.

Nikarudi kwa mama wa dengu. Utani wake wa choo na redio ulikuwa na ukali wake, na alipoona nimekaa kusikiliza aliacha kucheka. Alisema mashujaa wa redioni wote wana siku: siku ya vita, siku ya mbio, siku ya ndege. Yeye anawajua watu wasio na siku. Akanieleza habari ya mwanamke wa ukoo wao ambaye mwaka mmoja wa njaa, mvua ilipokatika Januari mtama ukiwa magotini, wanaume wengi walikwenda kutafuta vibarua mbali, naye alibaki na watoto wake na wa wenzake wawili. Ndugu zake wa mjini walimtumia nauli. Nauli ile alinunua mahindi.

Alinitajia jina lake. Siliandiki, kwa sababu mwenyewe hakuniruhusu na hayupo wa kumwomba. Na habari yake si ya kufanyia hotuba. Nauli iligeuka mahindi, basi halikupandwa, watoto wakala.

Ningetamani Liti angesimuliwa hivyo, kwa vitu vya kushikika. Kwa hiyo siku iliyofuata nilimtafuta mrina asali, mzee mwembamba mwenye mikono yenye makovu madogomadogo, nikamwomba anionyeshe mzinga. Alinipeleka hadi kwenye mti mkubwa nje kidogo ya mashamba. Mzinga wa gogo, urefu wake kama wa mtoto wa darasa la kwanza, ulikuwa umening'inizwa kwa kamba kwenye tawi. Umechongwa ndani ukabaki ganda, umefungwa pande zote mbili, na mlango wa nyuki ni tundu dogo ambalo ungeliziba kwa kidole gumba kama ungekuwa na wazimu. Tulisimama mbali. Alinieleza jinsi wanavyorina usiku, kwa moshi, bila kuvuta pumzi kwa pupa, bila kupiga kelele ukichomwa, na namna ya kuacha masega mengine ili nyuki wasihame.

Nikamwuliza: kama ungetaka kuurusha mzinga huu kwa watu, ungefanyaje?

Alinitazama kwa muda, pengine akijiuliza nina ugomvi na nani. Kisha akajibu kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza kazi. Kwanza huwezi peke yako. Unasubiri usiku, nyuki wote wawe wamerudi. Mmoja anapanda, anaziba tundu kwa majani mabichi, au kwa kitambaa. Mzinga unashushwa polepole kwa kamba, maana ukigonga shina tu wameamka. Halafu unafungwa kwenye mti mrefu, watu wawili wanaubeba mabegani, mmoja mbele, mmoja nyuma, hadi huko unakotaka uende. Kama ni mizinga kumi, hesabu watu mwenyewe.

"Na wale wanaobeba ndio wenye kazi," alisema. "Mti uko begani, mikono yote miwili imeushika. Majani yakitoka kwenye tundu huko njiani, nyuki wanaanza na yule wa nyuma, kwenye shingo na masikio. Hawezi kujifuta. Na akiutupa chini akakimbia, mzinga unapasuka pale pale, wanammaliza mwenzake wa mbele."

Nikamwuliza sasa yule wa nyuma afanye nini.

"Atembee," alisema.